Frantz Fanon na Somo la Ubongo

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Daktari J. C. Carothers, ambaye alikuwa ameiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kwa zaidi ya miaka kumi. Humo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo mno sehemu ya mbele ya ubongo wake, hata akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwafrika huyo hakuwa na kwao: Mduruma wa Samburu, Kwale, na Mzulu wa Afrika Kusini walitiwa kapu moja. Novemba ya mwaka huohuo, tabibu wa miaka 28 aliwasili Algeria kufanya kazi katika hospitali ya Blida-Joinville. Huyo ndiye aliyekuja kumjibu.

Frantz Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, Martinique. Alipigana upande wa Ufaransa katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akasomea udaktari Lyon. Tasnifu yake ya mwaka 1951 ilihusu ugonjwa wa kurithi wa mfumo wa neva na matatizo ya akili yanayoandamana nao. Ubongo, basi, aliujua.

Algeria alikuta somo la ubongo limekwisha kuharibiwa. Profesa Antoine Porot na wafuasi wake walikuwa wakifundisha kwamba gamba la ubongo wa mwenyeji halikukomaa. Wanafunzi wa udaktari Waalgeria nao walifundishwa hivyo kuhusu nafsi zao.

Fanon mwenyewe alijikwaa kwanza. Mikutano na sherehe alizoanzisha wodini ziliwafaa wanawake wa Kizungu, lakini wanaume Waislamu walikaa kimya. Wafuasi wa Porot wangelilaumu gamba la ubongo. Fanon, ambaye hakujua Kiarabu wala Kikabyle na alizungumza na wagonjwa kupitia wakalimani, alikiri katika makala ya mwaka 1954, aliyoiandika pamoja na mwanafunzi wake Jacques Azoulay, kwamba kosa lilikuwa la matabibu. Ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji, zikaadhimishwa sikukuu za Kiislamu, akaitwa msimulizi wa hadithi. Mwanafasihi hana budi kutua hapa: fanani aliingizwa hospitalini kama sehemu ya tiba.

Mwishoni mwa 1956 alijiuzulu, na Januari 1957 akafukuzwa nchini. Akahamia Tunis. Desemba 1958 alihudhuria mkutano wa Accra ulioongozwa na Tom Mboya.

Mwaka wa masomo wa 1959 hadi 1960 aliwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza mjini Tunis jinsi akili ya mtu inavyokutana na jamii. Mifano aliichukua kazini: saa ya kiwandani inavyomtawala kibarua, na mwendesha simu anavyochoshwa na kusikilizwa.

Alifariki kwa saratani ya damu tarehe 6 Desemba 1961, nchini Marekani, akiwa na miaka 36. Kitabu chake cha mwisho, ambacho Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walikitafsiri kuwa Viumbe Waliolaaniwa, kinawajibu Porot na Carothers kwa pamoja. Mihadhara ya Tunis imebaki katika maandishi aliyoyanukuu mwanafunzi wake darasani.