Iemitsu: Mtawala Aliyeifunga Japani na Msonobari Wake wa Chunguni

Katika bustani ya kasri la mfalme wa Japani, mjini Tokyo, upo msonobari mmoja wa chunguni ambao wajuzi wa miti hukisia kuwa umri wake si chini ya miaka 500. Jina lake ni Sandai Shogun no Matsu, maana yake msonobari wa shoguni wa tatu. Shoguni huyo ni Tokugawa Iemitsu, aliyezaliwa mwaka 1604, sawa na mwaka 1013 wa Hijria, akafariki mwaka 1651. Yamkini wasomaji wetu wengi wa pwani hawajapata kulisikia jina lake, lakini yeye na wazee wetu walikuwa na adui mmoja, naye ni Mreno. Leo tutazieleza habari zake pamoja na za mti wake, kwani ukizitenga hizi na zile utakuwa umemjua nusu ya mtu.

Kwanza ifahamike kwamba shoguni hakuwa mfalme. Mfalme alikaa Kyoto, akiheshimiwa sana na asitawale kitu. Upanga, ushuru na amri vilikuwa mkononi mwa shoguni katika ngome ya Edo, mji ambao sasa ndio Tokyo. Babu yake Iemitsu, Tokugawa Ieyasu, alishinda vita vya Sekigahara mwaka 1600, na mwaka 1603 akapewa cheo hicho, ambacho ukoo wake ulikishika kwa miaka 265.

Iemitsu alikuwa mtoto dhaifu, mwingi wa maradhi. Baba yake Hidetada na mama yake walimpenda zaidi mdogo wake, Tadanaga, mtoto mchangamfu, na wakubwa wa barazani walipoona upepo unakovuma wakaanza nao kujipendekeza kwa mdogo. Aliyesimama upande wa Iemitsu ni mwanamke aliyemnyonyesha, ajulikanaye kwa jina la Kasuga. Kwa sheria yetu sisi mwanamke kama huyu ni mama, na Kasuga alikuwa mama kweli kweli. Yasimuliwa kwamba alitoka Edo kwa kisingizio cha kwenda kuzuru mahali patakatifu pa Ise, kumbe shabaha yake ni kufika Sunpu kwa mzee Ieyasu na kumweleza mambo yanavyokwenda. Mzee akaja Edo, akawaita wajukuu wake wote wawili, akamkalisha Iemitsu juu na Tadanaga chini mbele ya kila mtu, na shauri likaishia hapo. Hata mwaka 1629 Iemitsu aliposhikwa na ndui, akiwa tayari ni shoguni, mama huyu aliweka nadhiri ya kutogusa dawa maisha yake yote ikiwa kijana atapona. Kijana alipona. Kasuga alipougua maradhi yake ya mwisho mwaka 1643, dawa zililetwa naye akazikataa.

Ushoguni aliupata mwaka 1623, lakini baba yake hakuuachia usukani mpaka alipokufa mwaka 1632. Hapo ndipo watu walipomjua Iemitsu ni nani. Mdogo wake Tadanaga alinyang'anywa milki yake, akafungiwa Takasaki, na mwisho akalazimishwa kujiua. Mwaka 1635 ikatoka amri kwamba kila mtawala wa jimbo akae Edo mwaka mmoja na kwao mwaka mmoja, kwa zamu, na kila akirudi kwao awaache mke na watoto Edo. Ukweli ni kwamba hao walikuwa rehani. Mtu ambaye mkewe na wanawe wamo mkononi mwako haasi, na hata akitaka kuasi, gharama za kwenda na kurudi na jeshi la watumishi kila mwaka zimekwisha mla mfukoni.

Amri hiyo ilizaa jambo ambalo mwenyewe sidhani alilikusudia. Mamia ya mabwana hao walihitaji nyumba Edo, na nyumba za heshima zilitaka bustani, na bustani zilitaka watu wa kuzitunza. Mtaa wa Somei ukaja kujaa wauza miche, na miti ya chunguni, ambayo zamani ilikuwa starehe ya watawa na wakubwa, ikateremka mpaka kwa wafanya biashara na mafundi. Siku hizo iliitwa hachi-no-ki, mti wa chunguni. Neno bonsai lilikuja kuenea baadaye.

Kuhusu Wareno, Iemitsu aliwatuhumu kwamba biashara yao ni chambo na dini yao ni ndoana. Kati ya 1633 na 1639 alitoa amri moja baada ya nyingine. Mjapani asisafiri ng'ambo, na aliyekaa huko asirudi, na akirudi auawe. Mwaka 1637 wakulima wa Shimabara na Amakusa, wengi wao Wakristo, walioelemewa na kodi na njaa, walinyanyuka chini ya kijana mmoja wa miaka kama 16, Amakusa Shiro. Wakajifungia katika ngome kuukuu ya Hara. Iemitsu akapeleka jeshi lililozidi watu 100,000, na Waholanzi wakamsaidia kuipiga ngome ile kwa mizinga ya merikebu yao, ingawa waliokuwamo ndani walikuwa Wakristo kama wao. Biashara hiyo! Ngome ilipoanguka mwaka 1638, waliouawa wanakadiriwa kuwa 37,000, wanawake na watoto wakiwamo.

Mwaka uliofuata, 1639, Wareno walifukuzwa Japani moja kwa moja. Miaka minane tu kabla ya hapo, mwezi Agosti 1631, Yusuf bin Hassan wa Mombasa, waliyembatiza na kumwita Dom Jerónimo, alikuwa amerudi katika dini ya baba zake na kuwaua Wareno wa Ngome. Wao kwetu walirudi, wakakaa mpaka Waarabu wa Omani walipowatoa mwaka 1698. Kule Japani hawakurudi. Walijaribu mwaka 1640, wakatuma wajumbe kutoka Macau kuomba suluhu, na Iemitsu akaamuru watu 61 wakatwe vichwa, wakaachwa 13 ili wapeleke habari. Tangu 1641 Mzungu pekee aliyeruhusiwa kufanya biashara ni Mholanzi, naye alifungiwa katika kisiwa kidogo cha kutengenezwa cha Dejima, bandarini Nagasaki.

Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyependa miti midogo kupita kiasi. Mapenzi yenyewe yaliwatia wasiwasi wazee wake. Yasimuliwa kwamba Okubo Hikozaemon, askari mkongwe aliyepigana chini ya babu yake, alichoka kumwona shoguni akipoteza saa zake mbele ya vyungu. Siku moja akakinyakua chungu chenye mti ambao Iemitsu aliupenda sana, akakivurumisha bustanini mbele ya macho yake. Watu waliohudhuria bila shaka walikwisha mhesabu mzee yule miongoni mwa maiti. Hakufanywa kitu. Okubo alikufa kwa uzee wake mwaka 1639, na Iemitsu hakuiacha miti yake.

Inafaa tueleze kwa nini mti wa chunguni ni mzigo mzito hata kwa mwenye enzi. Msonobari uliosimama ardhini ukiona kiu huteremsha mizizi yake kutafuta unyevu chini. Wa chunguni hauna pa kuteremka. Akiba yake yote ya maji ni ile iliyomo katika makonzi machache ya udongo, na udongo wenyewe umezungukwa na kuta za kigae ambazo jua huzipasha moto mpaka mizizi iliyozigusa ikaungua. Mama zetu wanaootesha mrehani na asmini kwenye makopo uani wanalijua jambo hili. Wakati wa kaskazi, siku moja ya kusahau yatosha.

Kiangazi cha Japani huja wakati sisi tumo katika kipupwe. Mwezi wa Juni mvua huko hunya mfululizo hadi katikati ya Julai au karibu na hapo, kisha hukatika, na jua la mwisho wa Julai na Agosti huingia na joto zito la unyevu, digrii 30 na zaidi, mara nyingine 35. Siku hizo mtunzaji huamka na mapema, akamwagia maji kabla jua halijapanda, na alasiri akarudi tena. Zamani kazi ilifanywa kwa ndoo ya mbao na kata ya mwanzi. Maji humwagwa polepole, kama manyunyu, mpaka yachuruzike kwenye matundu ya chini ya chungu, akangoja kidogo, akamwaga mara ya pili, kwani ya kwanza aghalabu huishia juu juu. Udongo ukikauka kabisa hujikunja na kuachana na kigae, na hapo maji hupita ubavuni yakatokea chini, mtu akadhani amenywesha, kumbe moyo wa udongo ungali mkavu. Dawa yake ni kukitia chungu kizima ndani ya beseni la maji mpaka mapovu yakome.

Walakini maji mengi nayo huua. Mizizi huvuta pumzi, na msonobari wa aina hii, wenye majani kama sindano yanayotoka matano matano, asili yake ni milimani, na hauvumilii kukaa tope siku zote. Kwa hiyo mtunzaji hamwagi kwa mazoea. Hutazama, akatia kidole katika udongo, akakiinua chungu kama ni chepesi cha kuinulika apime uzito wake. Mti mmoja unywe, wa pili ungoje hadi alasiri. Jua likizidi ukali husimamisha pazia la matete upande wa magharibi. Wenye fani wana kauli ya tangu zamani kwamba kujifunza kumwagia maji peke yake ni kazi ya miaka mitatu, nami siioni kuwa ni majivuno.

Basi tufikiri. Iemitsu aliweza kumwamuru bwana wa jimbo aache mkewe Edo, naye akamwacha. Mti hauamriki. Ikiwa ulipita siku mbili tatu za Agosti bila ya maji, ungekufa mbele ya walinzi wote wa ngome, na hakuna upanga ambao ungeufufua. Kwa kuwa haukufa, basi kila siku ya kila kiangazi ulipata mkono wa kuutazama, wa Iemitsu au wa mtumishi wa bustani ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Iemitsu alifariki mwezi wa Juni 1651, kiangazi kikiingia. Baadhi ya wakubwa waliokuwa karibu naye walijiua ili wamfuate, desturi ambayo mwanawe Ietsuna aliipiga marufuku mwaka 1663. Sisi tulioharamishiwa jambo hilo twaona ajabu kwamba ilihitaji sheria. Alizikwa Nikko, karibu na kaburi la babu yake, ambalo alikuwa amelijenga upya kwa gharama kubwa mno kati ya 1634 na 1636. Mwaka 1653 ulichimbwa mfereji wa Tamagawa, kilomita 43, kuleta maji Edo. Mwaka 1657 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na mnara mkuu wa ngome yenyewe. Mnara haukujengwa tena mpaka leo. Msonobari ulipona.

Nchi aliyoifunga ilifunguliwa mwaka 1854, baada ya manowari za Marekani kuja na kutia nanga. Mwaka 1868 watu wa ukoo wake waliitoa ngome ya Edo kwa mfalme bila ya vita. Kasri jipya lililojengwa hapo liliungua kwa mabomu mwezi wa Mei 1945. Yote hayo yamepita, na mti ungali hai kunako bustani ya kasri, umetunzwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Tangu kufa kwa Iemitsu vimepita viangazi zaidi ya 370. Ukihesabu siku 60 tu za jua kali katika kila kimoja, utapata siku zaidi ya 22,000, na katika hizo zote hapakutokea uzembe wa kutosha kuua.

Si huo peke yake. Upo msonobari mwingine wa jinsi hiyo hiyo ulioanza kufunzwa chunguni mwaka 1625, Iemitsu akiwa katika mwaka wa pili wa ushoguni wake. Familia ya Yamaki wa Hiroshima iliutunza kizazi baada ya kizazi. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa, mti ulikuwa nyuma ya ukuta wa bustani yao, kiasi cha kilomita tatu kutoka bomu lilipolipukia, na ukuta ukaukinga. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, nchi iliyolitupa bomu lile, na habari za ule msiba hakuzitaja kwa waliopokea. Wenyeji wa Washington walizijua mwaka 2001 tu, wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuuzuru. Ungaliko huko, katika jumba la makumbusho la bonsai, na jua la Washington la Julai na Agosti ni kali pia. Watunzaji wake huupitia kila siku kwa maji.