Kanzu Isiyokuwa Yake: Maisha ya Alec Guinness



Kuna jambo hutupata sana sisi mafrateri wakati wa likizo. Unavaa kanzu yako Jumapili, unatoka sakristia, mara mtoto wa Utoto Mtakatifu anakuja mbio na kukushika mkono. Hajui jina lako. Hajui kwamba ulifeli Metafizikia ukarudia mtihani. Kaona kanzu, basi. Kila linaponitokea hilo namkumbuka mwigizaji mmoja Mwingereza aliyeshikwa mkono hivyohivyo na mtoto asiyemjua, akiwa amevaa kanzu isiyokuwa yake, tena hakuwa Mkatoliki na hakuwaamini sana mapadri.

Anaitwa Alec Guinness. Wengi mnamjua bila kujua kwamba mnamjua: yule mzee wa ndevu nyeupe na joho la kahawia katika Star Wars ya 1977, Obi-Wan Kenobi, ndiye huyo. Mimi nilimfahamu kwa sura hiyo kwanza, seminari ndogo, usiku wa Jumamosi tuliporuhusiwa kuangalia filamu. Miaka ikapita, nikiwa nasoma falsafa, ndipo nikajua yule mzee alikuwa na hadithi yake.

Alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa nafasi ya jina la baba iliachwa wazi. Mama yake, Agnes Cuff, hakuwa na ndoa, na Alec aliishi miaka 86 bila kuwa na hakika baba yake ni nani. Watu wengi wamemtaja mfanyakazi wa benki, Mskoti aitwaye Andrew Geddes, aliyekuwa akimlipia ada ya shule, lakini mama hakuwahi kulisema wazi. Alipokuwa na miaka mitano mama aliolewa na kapteni mmoja wa jeshi, mtu mkali kupita kiasi, ambaye aliwahi kumtishia mtoto kwa bastola. Ndoa hiyo haikudumu. Mama alikuwa mlevi, wanahama nyumba hii na ile wakiacha madeni nyuma. Kijana ambaye fomu ya ubatizo au ya kipaimara humpa shida kwenye kile kisanduku cha jina la baba anaelewa ninachosema. Wapo katika kila parokia.

Akiwa shule ya bweni alipata kipaimara katika Kanisa la Anglikana, akiwa na miaka 16, na kwa maelezo yake mwenyewe ni siku zilezile alizogundua kwamba haamini kitu. Hii inanichekesha kidogo na kunihuzunisha pia, maana ninawafundisha vijana wa kipaimara na huwa najiuliza wangapi wako hivyo huku wakikariri mapaji saba bila kukosea.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika matangazo ya biashara. Akaiacha kwa ajili ya uigizaji. Mwalimu wa kwanza aliyempa masomo, Martita Hunt, alimwona hana kipaji kabisa na alitaka kuacha kumfundisha. Aliyemfungulia mlango ni mwigizaji mkubwa John Gielgud, aliyempa nafasi ndogo katika Hamlet mwaka 1934. Kufikia 1938 Alec ndiye aliyekuwa Hamlet mwenyewe kwenye jukwaa la Old Vic, na mwaka huohuo alimwoa Merula Salaman, mwigizaji mwenzake. Ni katika siku za Hamlet huyo ambapo padri mmoja wa Kianglikana, Cyril Tomkinson, alimfuata nyuma ya jukwaa. Hakuja kumpongeza. Alikuja kumwambia kwamba anakosea kufanya ishara ya msalaba, akamwonyesha inavyofanywa. Urafiki ukaanzia hapo, na mwigizaji asiyeamini akaanza kuamini tena, polepole, kwa namna ya Kianglikana.

Vita ilipokuja aliingia jeshi la majini. Alianza kama baharia wa kawaida mwaka 1941, akapandishwa kuwa ofisa, na mwaka 1943 aliongoza chombo kilichopeleka askari nchi kavu huko Sicily. Baada ya vita ndipo filamu zilipompa jina. Mwaka 1949, katika Kind Hearts and Coronets, aliigiza watu wanane wa ukoo mmoja, mwanamke mmoja akiwemo, na kila mmoja ukimwona unasadiki. Watu wakawa wanasema Guinness hana sura yake mwenyewe. Mimi nafikiri mtoto aliyekua bila kujua yeye ni nani alipata kazi inayomruhusu kuwa yeyote. Lakini hiyo ni falsafa yangu tu, mniache.

Sasa twende kwenye kanzu. Mwaka 1954 ilitoka filamu ya Father Brown, yule padri mpelelezi wa hadithi za G. K. Chesterton, na Guinness ndiye aliyekuwa padri. Sehemu ya filamu ilipigwa Burgundy, Ufaransa, katika kijiji kilicho juu ya kilima. Jioni moja alikuwa anarudi kwenye nyumba aliyofikia, kanzu ingali mwilini, giza linaingia. Akasikia hatua za mtu anayekimbia nyuma yake. Kumbe ni mtoto wa kiume wa miaka saba au minane. Mtoto akamshika mkono, akawa anaubembeza huku wanatembea, akipiga stori bila kituo, akimwita baba kama Wafaransa wanavyomwita padri. Guinness hakuthubutu kufungua mdomo, akiogopa Kifaransa chake kitamshtua. Wakaenda hivyo. Baadaye mtoto akainama kidogo, akaaga, akapenya kwenye tundu la ua wa miti na kutoweka.

Guinness aliendelea peke yake akiwaza. Tangu utotoni alikuwa amelishwa maneno mabaya juu ya Wakatoliki na mapadri wao, kwamba ni wajanja na watu wa njama. Akajiuliza: Kanisa ambalo mtoto anamwamini padri asiyemjua kiasi hiki, linaweza kweli kuwa baya kama alivyoambiwa?

Hapa lazima nisimame kidogo. Mimi na wewe tunaishi baada ya mambo tuliyoyajua kuhusu baadhi ya mapadri na watoto, katika nchi nyingi. Hatuwezi kuisoma hadithi hii kama ilivyosomwa zamani. Kuna mahali mama akimwona mtoto wake ameshika mkono wa padri gizani atakimbia kumchukua, na sitamlaumu. Kwa hiyo hadithi hii hainifurahishi tu, inanitisha. Imani ile ya mtoto haikuwa mali ya Guinness, wala haitakuwa yangu nikipadirishwa. Ni ya wale walioivaa kanzu kabla yetu bila kuichafua, na sisi tunaitumia kama mkopo.

Katika miaka hiyohiyo mwanawe wa pekee, Matthew, aliugua polio akiwa na miaka 11. Akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Kila siku baba akitoka kazini alianza kupita katika kanisa dogo la Kikatoliki lililokuwa njiani, anakaa tu. Hakuwa wa hapo. Siku moja akafanya mapatano na Mungu: mtoto akipona, na baadaye akitaka kuwa Mkatoliki, baba hatamzuia.

Mwanafalsafa ndani yangu anacheka. Angalia mapatano yenyewe! Ameahidi kutozuia jambo ambalo hata si lake. Yefta katika kitabu cha Waamuzi alimwahidi Mungu zaidi, na akaharibu. Na Mungu si mfanyabiashara wa Kariakoo kwamba upunguze bei mkubaliane. Hayo yote nayajua, nimeyaandikia insha.

Lakini mwaka wangu wa pili wa falsafa mdogo wangu wa kike aliugua. Usiku nilikuwa naenda kikanisani wenzangu wakilala, na mimi pia niliahidi. Niliahidi vitu vikubwa kuliko vya Guinness. Alifariki mwezi wa tatu wa ugonjwa wake, na mimi nikabaki na ahadi ambazo sikujua kama bado zinanibana au la. Baba wa kiroho alinisikiliza muda mrefu na hakunipa jibu la haraka, nashukuru kwa hilo. Kwa hiyo ninapofika sehemu ya Matthew huwa nasoma taratibu. Matthew alipona. Alisimama, akatembea tena, na alipokua akawa mwigizaji kama baba yake. Sina maelezo ya kwa nini yeye ndiyo na mdogo wangu hapana, na sitaki kijana yeyote asome hapa na kufikiri kwamba Guinness alipata fomula.

Ninachokiona ni kwamba alishika neno lake. Alimpeleka mtoto katika shule ya Wajesuiti, na Matthew alipofika miaka 15 alisema anataka kuwa Mkatoliki. Baba hakuzuia. Ila sasa baba naye alikuwa njiani. Alikwenda kukaa kwa siku kadhaa na wamonaki Watrapisti wa Mount Saint Bernard, akapata mafundisho kwa padri wa parokia, na tarehe 24 Machi 1956 alipokelewa katika Kanisa huko Petersfield, mji mdogo karibu na nyumbani kwake. Mwaka uliofuata, akiwa Sri Lanka kwenye upigaji wa The Bridge on the River Kwai, Merula naye akapokelewa.

Filamu hiyo ndiyo iliyompa Oscar. Aliigiza Kanali Nicholson, mfungwa wa vita anayewajengea adui zake daraja kwa ustadi mkubwa hadi anasahau ni la adui. Aligombana sana na mwongozaji David Lean wakati wa kuitengeneza. Kama VIWAWA wa parokia yenu wanatafuta filamu ya kujadili Jumapili mchana, chukueni hiyo, maana dhambi ya kupenda kazi nzuri kuliko ukweli ni ya watu wema. Mwaka 1959 malkia akampa heshima ya Sir. Zikafuata Lawrence of Arabia, Doctor Zhivago, na The Comedians, iliyopigwa Dahomey, ambayo leo ni Benin.

Msimfanye mtakatifu, hata hivyo. Merula aliacha uigizaji baada ya ndoa, na walioandika maisha ya Alec wanaeleza kwamba nyumbani alikuwa mgumu na mkali wa maneno. Star Wars ilimpa fedha nyingi na aliichukia. Kijana mmoja alimwambia ameiona zaidi ya mara mia; yeye akamwomba asiitazame tena maishani mwake, mtoto akalia machozi. Mzee huyohuyo aliyeguswa na mtoto wa Burgundy!

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haina kamera. Muda fulani baada ya kuwa Mkatoliki alikuwa anatembea mchana katika barabara ya Kingsway, London, mara akaanza kukimbia. Hakuwa amechelewa popote. Alikimbia mpaka kwenye kanisa dogo, akapiga magoti mbele ya Ekaristi kama dakika kumi, akatoka. Alijiona kama kichaa kidogo, mtu mzima, tena maarufu. Alipata nafuu aliposoma kwamba Padri Ronald Knox, msomi mkubwa, naye aliwahi kujikuta anakimbia hivyohivyo.

Alikufa kwa saratani ya ini tarehe 5 Agosti 2000, akazikwa Petersfield. Walikuwa wameishi na Merula katika ndoa miaka 62. Yeye alimfuata mwezi Oktoba mwaka uleule.