Freddie Mercury: mtoto wa Zanzibar na nyimbo zake ambazo redio hazipigi

Kila tunapopokea simu za maombi ya nyimbo za zamani kutoka nje, jina la Freddie Mercury halikosi. Na karibu kila mara linakuja na nyimbo zilezile mbili: ule wa kupiga makofi na kukanyaga chini, na ule wa mabingwa, unaopigwa timu ikishanyanyua kombe. Tunazipiga, nanyi mnafurahi.

Lakini wapo wasikilizaji wetu wachache, kuanzia Magu hadi Sengerema na Ukerewe, wanaotuomba kitu kingine. Wanataka nyimbo zake ndefu, zile zinazobadilika njiani kama upepo wa ziwani. Wanarushiana kwa simu, kisha wanabishana ni upi mzuri zaidi. Makala hii ni yao, na pia ni yako wewe ambaye hujawahi kuzisikia. Tutasimulia maisha ya mtu huyu kwa kupitia nyimbo sita ambazo redio nyingi, na yetu ikiwemo, huzipiga kwa nadra.

Tunafanya hivyo kwa sababu moja. Anayejua nyimbo mbili tu za Freddie anamjua mtu wa jukwaani, aliyenyanyua ngumi mbele ya umati. Mtoto aliyeondoka nyumbani mapema na mgonjwa aliyeficha maumivu yake wamo kwenye nyimbo zisizopigwa.

Kutoka Unguja hadi London

Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi kutoka India, watu wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa keshia katika ofisi ya serikali ya kikoloni ya Waingereza. Familia iliishi Mji Mkongwe, na baadaye akazaliwa mdogo wake wa kike, Kashmira.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India, safari ya meli kuvuka bahari. Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, ndiko alikojifunza piano, na ndiko alikoanzisha na wenzake bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Kwa miaka mingi ya utoto wake, nyumbani kwa wazazi palikuwa mahali pa kwenda likizo tu.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Haukupita muda, Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Familia nyingi zenye asili ya Uarabuni na Asia ziliondoka visiwani, na ya Bulsara ikawa miongoni mwao. Ilihamia Feltham, kitongoji cha London. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17. Alisoma sanaa ya uchoraji na michoro ya matangazo katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969, akawa anauza nguo kwenye soko la Kensington huku akiimba katika bendi ndogondogo.

Mwaka 1970 aliungana na mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor. Jina Queen, yaani Malkia, lilikuwa wazo lake. Mwaka uliofuata akaja mpiga besi John Deacon, na bendi ikatimia watu wanne ambao hawakubadilika hadi kifo kilipowatenganisha.

Roki inayobadilika njiani

Zama hizo Uingereza palikuwa na roki ya aina iliyoitwa progresivu. Bendi kama Yes, Genesis na King Crimson hazikuridhika na wimbo wa dakika tatu wenye beti mbili na kibwagizo. Zilitunga nyimbo ndefu zenye vipande vingi, mwendo ukibadilika mara kwa mara, na hadithi za falme na ndoto ndani yake.

Msikilizaji wa Tanzania asiogope jambo hili, maana tunalijua. Muziki wetu wa dansi huanza taratibu kwa mashairi, kisha hugeuka na kuchemka, magitaa yakashika usukani. Enzi za santuri ndogo, wimbo mmoja uligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, ukageuza santuri kusikia mwisho wake. Na taarabu ya Unguja alikozaliwa Freddie huweza kupiga ala kwa muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ugeni upo kwenye ala na lugha. Subira ya kusikiliza tunayo.

Queen haikuwa bendi ya progresivu peke yake, kwani ilipiga karibu kila kitu. Lakini albamu zake za mwanzo zimejaa nyimbo za aina hiyo, na nyingi zimefunikwa na umaarufu wa zile zilizofuata.

Wimbo wa kwanza: My Fairy King

Umo kwenye albamu ya kwanza ya bendi, ya mwaka 1973. Freddie anasimulia nchi ya kubuni, nzuri kupita kiasi, ambayo mwishowe inaharibiwa na wanadamu. Nchi hiyo aliipa jina Rhye, na jina hilo linarudi katika nyimbo zake nyingine za miaka hiyo. Sikiliza piano inavyokimbia na sauti zinavyopanda juu kama ndege.

Brian May amewahi kusimulia kwamba ni wimbo huu uliomfanya Farrokh Bulsara achukue jina la Mercury. Kijana aliyepoteza nchi akiwa na miaka 17 alitunga nchi yake mwenyewe, na humohumo akapata jina jipya. Wasikilizaji wetu wamebishana kama Rhye ni Zanzibar. Sisi tunasema sikiliza kwanza, kisha utoe hukumu yako.

Wimbo wa pili: The March of the Black Queen

Albamu ya pili, Queen II, ilitoka mwaka 1974. Upande mmoja wa santuri uliitwa mweupe, wa pili ukaitwa mweusi, na nyimbo zote za upande mweusi zilitungwa na Freddie. Huu ndio mkubwa kati yao: zaidi ya dakika sita, vipande vingi, na mahali fulani midundo miwili tofauti inakwenda kwa wakati mmoja. Sauti zilirekodiwa juu ya sauti mpaka watu wachache wakasikika kama kwaya ya kanisa kuu.

Ulikuwa mgumu kiasi kwamba bendi haikuupiga wote jukwaani, ila kipande tu. Mashabiki wengi wanauona kuwa mama wa Bohemian Rhapsody, uliokuja mwaka mmoja baadaye. Ukiusikiliza mara ya kwanza utachanganyikiwa. Usikiliza mara ya tatu ndipo uamue.

Wimbo wa tatu: The Prophet's Song

Mwaka 1975 bendi ilitoa albamu ya A Night at the Opera, yenye Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita uliokaa kileleni Uingereza kwa wiki tisa. Upande uleule wa santuri hiyo unafunguliwa na wimbo mrefu zaidi, wa dakika nane na zaidi, ambao wengi hawajawahi kuusikia. Aliutunga Brian May kutokana na ndoto ya gharika kuu. Lakini katikati yake ala zote zinanyamaza na Freddie anabaki peke yake.

Hapo mafundi walitumia kanda kuirudisha sauti yake baada ya sekunde chache. Anaimba mstari, mstari unarudi, naye anaimba juu yake, kisha unarudi tena. Kwetu Usukumani, katika ngoma ya bugobogobo na nyimbo za kulima, kiongozi huanzisha na kundi zima huitikia. Hapa Freddie anaanzisha na kujiitikia mwenyewe. Tafuta spika mbili au vaa spika za masikioni, maana sauti zinahama kutoka sikio moja hadi jingine. Kwa spika moja ya simu utakosa nusu ya utamu.

Wimbo wa nne: Mustapha

Albamu ya Jazz ya mwaka 1978 inafunguliwa na wimbo huu wa dakika tatu. Freddie anaanza peke yake bila ala, kwa sauti ya kuvuta inayomkumbusha mtu wa pwani sauti za utotoni mwake, kisha bendi inaingia kwa kasi. Maneno ni mchanganyiko wa Kiingereza, Kiarabu na mengine aliyoyabuni. Wako wanaouona mzaha na wako wanaokwazika. Kwetu sisi, ni mahali pamoja ambapo mtu aliyezungumza kwa nadra sana kuhusu Zanzibar anasikika kama aliyekulia huko. Katika maonyesho ya miaka hiyo aliupenda mwanzo wake kiasi cha kuuimba kabla ya kuingia Bohemian Rhapsody.

Ugonjwa ambao kanda yetu inaujua

Tarehe 13 Julai 1985 Queen walipanda jukwaa la Wembley kwenye tamasha la Live Aid, la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Kwa dakika kama 20 Freddie aliuchukua uwanja mzima. Dunia inamkumbuka kwa siku hiyo.

Miaka hiyohiyo, huku kwetu, watu walikuwa wanazika. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za biashara zilizotoka Uganda, kwa sababu watu hawakuwa na jina jingine la kuuita. Familia zilisema kalogwa, kalishwa sumu, kaugua tumbo. Kulitaja jina halisi ilikuwa aibu.

Freddie naye alinyamaza. Aligundulika na virusi mwaka 1987, lakini hakuuambia umma. Alikuwa amewahi kuishi na mwanamke, Mary Austin, aliyebaki rafiki yake hadi mwisho, na baadaye aliishi na mwanamume, Jim Hutton. Magazeti ya Uingereza yalimwinda kwa maisha yake na kwa kukonda kwake. Alijifungia studio akafanya kazi.

Wimbo wa tano: Innuendo

Ulitoka Januari 1991. Ni kurudi kwa Queen ile ya zamani: dakika sita na nusu, mwendo mzito, kisha katikati gitaa la Kihispania linaingia kama mgeni wa heshima. Aliyealikwa kulipiga hapo ni Steve Howe wa bendi ya Yes, mmoja wa wakubwa wa progresivu. Sauti ya Freddie haina dalili ya udhaifu, na asiyejua hawezi kudhani kwamba mwimbaji ni mgonjwa.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana UKIMWI. Kesho yake jioni alifariki nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 45. Maziko yake yaliongozwa na makuhani wa dini ya wazazi wake.

Jirani zetu Waganda walikuwa na Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyejitangaza mwaka 1989 kuwa ana ugonjwa huo na kutumia miezi yake ya mwisho kuzunguka shuleni na makanisani akiuelezea. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Hatumlaumu Freddie kwa kunyamaza, lakini tunajua ni nani aliyewasaidia zaidi watu wa kando ya Ziwa. Na hapa Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, wananchi wa vijijini walishiriki utafiti ulioonyesha kwamba kutibu mapema magonjwa ya zinaa hupunguza maambukizi mapya ya VVU. Sehemu ya elimu ya dunia kuhusu ugonjwa huu imetoka kwetu.

Dawa mchanganyiko zenye nguvu zilianza kutumika mwaka 1996, miaka mitano baada ya kifo chake. Leo zinatolewa bure katika vituo vyetu vya afya, na anayezimeza ipasavyo anaishi, analima na anavua kama wengine.

Wimbo wa sita: Mother Love

Huu ulitoka mwaka 1995 kwenye albamu ya Made in Heaven. Ni miongoni mwa nyimbo za mwisho alizorekodi, Mei 1991. Alikuwa hawezi kusimama muda mrefu, lakini akataka kuimba. Alipobakiza ubeti wa mwisho alisema amechoka, atarudi kuumalizia. Hakurudi tena. Ubeti huo aliuimba Brian May, na ukiwa makini utasikia sauti inavyobadilika. Mwimbaji anaomba kitu kimoja tu, kurudi kwenye usalama wa mama. Wimbo unaisha kwa kilio cha mtoto mchanga.

Nyumbani kwake kumechelewa kumpokea. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Zanzibar ya kukumbuka miaka 60 ya kuzaliwa kwake iliahirishwa moja kwa moja baada ya kikundi cha Uamsho kuipinga. Novemba 2019 likafunguliwa jumba dogo la makumbusho yake Shangani, Mji Mkongwe, na watalii wanapiga picha mlangoni.

Sisi tunaona njia nyingine ya kumpokea: kumsikiliza mzima. Mwenye kifurushi apakue, amrushie jirani asiye nacho. Kaeni jioni baada ya kazi, pigeni wimbo mmoja tu, mara mbili, halafu mbishane. Kisha mtutumie jibu lenu: kati ya hizi sita, upi tuupige hewani wote, bila kuukata katikati?