Robert Julius Trumpler

Robert Julius Trumpler (Zürich, 2 Oktoba 1886 – 10 Septemba 1956) alikuwa mwanaastronomia kutoka Uswisi aliyefanya kazi nchini Marekani. Anakumbukwa kwa kupima umbali wa mafungunyota wazi, yaani makundi ya nyota zilizozaliwa pamoja, kama Kilimia, ambayo wakulima wa Afrika Mashariki waliitumia kutambua majira ya kulima.

Alipata shahada ya uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1910, akahamia Marekani mwaka 1915. Baadaye alifanya kazi kwenye paoneaanga pa Lick, California.

Mwaka 1930 alilinganisha umbali wa mafungunyota 100 kwa njia mbili: mwangaza wa nyota zake na upana wa kila kundi angani. Njia ya kwanza iliyaweka makundi ya mbali kuwa mbali kuliko njia ya pili. Trumpler alionyesha kwamba vumbi lililopo kati ya nyota hufifisha nuru yake. Hivyo makadirio ya ukubwa wa Njia Nyeupe yalipaswa kusahihishwa.

Aliainisha pia mafungunyota kufuatana na rangi na mwangaza wa nyota zake. Baadaye ilieleweka kwamba tofauti hizo huonyesha umri: nyota kubwa za buluu hufa mapema, hivyo fungunyota lisilo nazo ni la zamani zaidi.