Mwalimu Nyerere na maneno magumu ya Shakespeare

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akalelewa katika lugha ya Kizanaki. Kiswahili na Kiingereza alijifunza shuleni, Musoma na Tabora, kisha akaendelea Makerere na Edinburgh. Aliporejea mwaka 1952 alifundisha Pugu, kazi iliyompa jina la Mwalimu.

Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, ilichapishwa tafsiri yake ya tanzia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Julius Caesar. Wengi huisoma tamthilia hiyo kwa kamusi, wakiokota neno mojamoja. Mfasiri hawezi kuishia hapo. Wauaji wanamshitaki Caesar kwa uroho wa madaraka. Lakini neno lao la Kiingereza huweza pia kuwa sifa, kutegemea nani analitamka. Naye Mark Antony, akihutubia mbele ya maiti, anawaita wauaji watu wa heshima tena na tena, hadi heshima inageuka kejeli.

Nyerere hakuridhika na kazi yake. Mwaka 1969 alitoa toleo lililosahihishwa, pamoja na Mabepari wa Venisi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Rwanda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwanafunzi wa Gitambi, wilayani Rusizi, anayeanza na Kinyarwanda kama Nyerere alivyoanza na Kizanaki, anaweza kuyasoma maandiko hayo mawili sambamba. Neno gumu la Kiingereza atalielewa pale atakapoona Mwalimu alichagua lipi la Kiswahili, na kujiuliza kwa nini.