George Back: kifungo kilimfundisha kuchora, akaichora nchi ya barafu

George Back alizaliwa mwaka 1796 huko Stockport, Uingereza. Aliingia jeshi la majini akiwa bado mtoto, na mwaka 1809 Wafaransa wakamkamata. Alikaa kifungoni karibu miaka mitano. Kumbe ni mle ndani alijifunza Kifaransa na kuchora.

Enzi zile kamera haikuwepo, kwa hiyo misafara ya kaskazini ilihitaji mtu wa kuchora. Mwaka 1818 Back alifika Spitsbergen, kisiwa chenye barafu zinazoteremka milimani hadi baharini. Mwaka uliofuata akaenda na John Franklin kaskazini mwa Kanada. Yeye na mwenzake Robert Hood walichora mito, kambi na wenyeji kwa rangi za maji, katika nchi ambako maji yenyewe huganda.

Mwaka 1821 chakula kiliwaishia. Walikula ukoga wa mawe na ngozi za viatu. Kati ya watu 20, 11 walikufa, wengi wao wabebaji na wapiga makasia. Hood aliuawa kwa risasi. Back alitangulia kutafuta msaada, hadi akawapata watu wa Akaitcho, mkubwa wa wenyeji. Hao ndio walipeleka nyama kwa Franklin na wenzake, wakapona.

Back alirudi kule tena na tena. Alifariki London mwaka 1878. Michoro yake ipo hadi leo, na wale wapiga makasia wamo, na mitumbwi yao katikati ya mawimbi.