Wasifu wa Santiago Ramón y Cajal na Seli Zilizoitwa Gundi

Mtahiniwa, bila shaka umewahi kuchora seli ya neva: kiini, matawi mafupi yanayopokea ujumbe, na mkia mrefu unaoupeleka mbele. Mchoro huo unatokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Mhispania mmoja ambaye babake alimkataza kuchora.

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Babake, Justo, alikuwa tabibu mkali aliyeona uchoraji kuwa kazi ya wavivu. Mtoto naye alikuwa mtundu kupindukia. Akiwa na miaka 11 aliunda mzinga, akabomoa lango la jirani na kutiwa korokoroni. Babake alimpeleka kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu, ajifunze adabu. Adabu haikuja upesi. Kilichomgeuza ni mifupa. Katika kiangazi cha 1868 Justo alimchukua makaburini kutafuta mifupa ya kujifunzia maumbile ya mwili, na kijana akapata kitu cha kuchora ambacho babake hangeweza kukikataza.

Alihitimu udaktari mjini Zaragoza mwaka 1873, akatumwa Kuba kama daktari wa jeshi. Malaria ilimdhoofisha hata akarudishwa nyumbani. Akiba ya mshahara wake wa jeshi aliitumia kununua hadubini. Kipindupindu kilipozuka Valencia mwaka 1885 aliuchunguza ugonjwa huo, na serikali ya jimbo la Zaragoza ikamtuza hadubini bora zaidi ya Zeiss.

Mwaka 1887, mjini Madrid, daktari Luis Simarro alimwonyesha vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa njia ya Mwitaliano Camillo Golgi. Hebu fikiria msitu mnene. Ukiutazama wote kwa pamoja, huwezi kujua tawi hili ni la mti upi. Njia ya Golgi, iliyotumia chumvi ya madini ya fedha, ilipaka weusi miti michache tu na kuiacha mingine bila rangi. Wataalamu wengi wa wakati huo, Golgi akiwamo, waliamini kwamba neva zote zimeungana kama wavu mmoja. Cajal aliiboresha njia hiyo, akachunguza ndege na wanyama wachanga ambao neva zao hazijafunikwa na mafuta. Kufikia 1888 alikuwa ameridhika: kila seli husimama peke yake. Mkia wa moja hukaribia nyingine bila kuungana nayo. (Usiandike kamwe kwenye karatasi ya mtihani kwamba neva zimeshikana.)

Nani angemsikiliza? Alichapisha jarida lake kwa fedha zake mwenyewe, ilhali alikuwa na familia ya kulisha. Mwaka 1889 alifunga safari hadi Berlin na vielelezo vyake, akawavuta wataalamu mmoja mmoja hadi kwenye hadubini. Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimiwa sana, alitazama na kukubali. Mwaka 1906 Cajal na Golgi waligawana Tuzo ya Nobel, na hata siku ya kutoa mhadhara wake Golgi aliendelea kuutetea wavu.

Sasa jiulize: kama seli za neva zimetengana, kuna nini pembeni mwake? Kuna seli nyingine nyingi sana. Rudolf Virchow, Mjerumani, alikuwa amezipa jina la glia, neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Kwa wengi hiyo ilitosha: kazi yake ni kushikilia tu. Cajal hakuridhika na jibu hilo. Mwaka 1895 alitoa wazo kwamba seli hizo hunyoosha mikono yake kati ya neva na kukata mawasiliano, nasi tukapumzika au kulala; zikiikunja, ujumbe hupita tena. Tena alidhani kwamba zile zilizoshika mishipa ya damu huweza kuipanua pale ubongo unapofanya kazi. Hakuwa na ushahidi, na maelezo yake kuhusu usingizi hayakusimama jinsi alivyoyatoa. Hata hivyo, alikuwa amezihesabu glia miongoni mwa wazungumzaji.

Mwaka 1913 alibuni rangi yenye dhahabu iliyoonyesha vizuri glia zenye umbo la nyota, yaani astrositi. Lakini kulikuwa na seli nyingine ambazo matawi yake hakuweza kuyaona. Aliyeyaona ni Pío del Río-Hortega, aliyefanya kazi katika maabara yake. Kufikia 1919 Hortega alizitenga katika aina mbili: mikroglia na oligodendroglia. Kwa maoni yangu, hapa Cajal hakumtendea haki mdogo wake. Hakumpa sifa kamili, ugomvi ukazuka, na mwaka 1920 Hortega akaondolewa katika maabara. Cajal alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934, akiwa na umri wa miaka 82.

Leo tunajua kwamba oligodendroglia huzungushia mikia ya neva mielini ili ujumbe usafiri kwa kasi, na mikroglia humeza viungo vya neva visivyohitajika. Astrositi nazo huzunguka pale ambapo neva mbili zinakaribiana. Neva moja inapomwaga glutameti ili kuamsha nyingine, astrositi huifyonza iliyobaki, huigeuza kuwa glutamini na kuirudishia neva itumike upya. Pia hufyonza potasiamu inayotoka kwenye neva zinapofanya kazi. Ikirundikana, neva zingesisimka ovyo. Mwaka 1990 watafiti walionyesha, kwa astrositi zilizokuzwa maabarani, kwamba glutameti ikizigusa, kalsiamu hupanda ndani yake na wimbi hilo huenea hadi kwa astrositi jirani. Basi glia husikia. Kama hujibu kwa kumwaga kemikali zake katika ubongo wa mnyama aliye hai, na kwa kiasi gani, wataalamu wangali wanabishana.